Bomba la Kyuso Lililotoa Habari Zake Lenyewe

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa basi, akisha kuipita Voi na kufika Mtito Andei, huwa ameingia Makueni hata kama hana habari. Wengi wetu saa hizo tumelala, na miji ya njiani twaijua kwa majina ya vituo vya chai tu: Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Hilo la mwisho ni jina la nyumbani. Limetokana na Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi 1902, zama ambazo reli ilikuwa ikikata nyika kuelekea bara. Wala si alama ya pekee. Misafara ya pwani ilipita Ukambani kutafuta pembe, na Wakamba nao wakateremka Mombasa na misafara yao wenyewe. Hata leo katika mji wa Kitui wako Waswahili waliozaliwa huko, watu wa msikitini, na Kikamba wakisema kama Kiswahili.

Lakini leo sikusudii kuandika juu ya pembe wala misafara. Nakusudia kumpeleka msomaji mbali kidogo na njia kuu ya Nairobi, kwenye jambo ambalo naona limetupita watu wa pwani, ingawa nusu ya habari yenyewe ni yetu.

Ukifika Kibwezi, iache njia kuu na ushike mkono wa kulia. Barabara ya lami itakuvusha mto Athi. Huu ni mto ule ule ambao ukifika kwetu tunauita Galana, kisha Sabaki, na wakati wa mvua unamwaga maji mekundu baharini kaskazini ya Malindi. Kutoka hapo utapita Mutomo, ufike Kitui, uendelee kaskazini hadi Mwingi, na mbele ya Mwingi, katika nchi ya mawe na mibuyu na miiba, utafika Kyuso. Hapo ndipo, mwaka 2013, mabomba ya maji ya mkono yalipoanza kutoa habari zake yenyewe.

Hebu kwanza tuitazame nchi. Huku pwani tumezoea kungojea masika. Kule Kitui na Makueni mkulima huitegemea zaidi mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa masika yake ni ya kubahatisha. Mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Wanawake huchimba mashimo katika mchanga huo, wakangoja maji yajitoe polepole, wakayateka kwa kata. Watu wa nchi hiyo si wa kukaa na kulia. Katika Makueni na Machakos, tangu mwaka 1978, marehemu Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kujenga kuta za saruji na mawe kukata mito hiyo, ili mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yajifiche ndani ya mchanga, mahali ambapo jua haliyafikii. Kitui nako shirika la SASOL lilifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990, na kuta zake zinahesabiwa kwa mamia. Yeyote asemaye kwamba elimu ya uhandisi ni ya watu wa mji tu, na akaitazame mito ile.

Hata hivyo kuna mahali ambapo ukuta wa mtoni hauwafai watu, hapana budi kuchimba chini. Na ukichimba chini, wahitaji bomba.

Bomba la mkono lililoenea zaidi katika Kenya huitwa Afridev. Ni mlingoti wa chuma wenye mpini mrefu, nasi sote tumeuona: mtoto huning'inia kwenye mpini, maji yakatoka kwa mikupuo. Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Bomba hili, ambalo leo limeenea Afrika na kuvuka hadi Asia, halikubuniwa kiwandani Ulaya likaletwa kwetu kwenye sanduku. Lilitengenezwa na kusahihishwa katika miaka ya 1980, kwa majaribio yaliyofanywa Malawi na hapa kwetu Kwale, upande wa Diani na Msambweni. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza miaka ile, 1981 hadi 1990, kuwa muongo wa maji. Benki ya Dunia na Waswidi wakatia mkono, na shirika la Kenya la KWAHO likawaingiza kina mama wa vijijini katika kazi. Shabaha ilikuwa moja: bomba ambalo mwanamke wa kijijini aweza kulifungua kwa spana moja, akabadili mpira uliolika, akalifunga, maji yakatoka, bila kungoja lori la serikali. Kina mama wa Kwale ndio waliokuwa wakilivuta, wakilivunja na kuwaambia wahandisi lilipovunjikia. Kwa maoni yangu jambo hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa katika vitabu vya shule za pwani, na sijaliona.

Bomba likaenea. Lakini tatizo jipya likaja nyuma yake. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 kwa nchi za Afrika kusini ya Sahara yalionyesha kwamba katika kila mabomba matatu ya mkono, moja hivi lilikuwa halitoi maji. Halikukosa maji kwa sababu kisima kimekauka. Mara nyingi ni mpira uliolika, au fimbo ya ndani iliyochomoka, au kitu kidogo tu ambacho bei yake haifiki ya mkoba wa mtoto wa shule. Kamati ya kijiji imevunjika, mwenye spana amehamia Nairobi, pesa za akiba zimekopeshwa mtu. Na bomba lililokufa halina sauti. Linasimama pale pale, limenyooka, na mtu akilitazama kutoka barabarani adhani ni zima.

Jambo hili naliandika kwa uchungu kwa sababu lilitufika. Ami yangu mmoja, aliyehamia Maskati zamani, alitoa pesa kichimbwe kisima katika kijiji kimoja cha Kwale, thawabu zake zimwendee mama yake, bibi yangu, Mungu amrehemu. Kila mmoja wetu aijua asili ya ada hiyo. Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimwuliza Mtume (S.A.W.) sadaka iliyo bora, akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima. Basi Ami kila tulipoongea kwa simu huuliza, "Maji yatoka?" Naye kila alipopiga kijijini alijibiwa, "Yatoka, Ami, alhamdulillahi." Hapana aliyetaka kumsononesha mzee wa watu aliye mbali.

Siku niliyopata nafasi ya kwenda mwenyewe nilikuta saruji ni safi na jina la bibi lasomeka vizuri. Mpini ulikuwa ukienda juu na chini bila uzito wowote, mwepesi kama mlango usio na komeo. Watoto wamejaza vijiwe mdomoni mwa bomba. Kina mama walikuwa wamerudi kwenye shimo lao la zamani, ng'ambo ya mihogo, wanakoshirikiana na ng'ombe. Nikampigia Ami. Alinyamaza, kisha akauliza neno moja tu: "Tangu lini?"

Nikawauliza wenyeji. Mmoja alisema kabla ya Ramadhani. Mwingine alisema la, ilikuwa maulidi ya mwaka wa nyuma. Wa tatu alisema bomba huwa lafa na kufufuka, asijue kifo hiki ni cha ngapi. Swali la Ami halikupata jibu mpaka leo. Na hilo ndilo swali ambalo mabomba ya Kyuso yalifundishwa kulijibu.

Mhandisi aliyeifanya kazi hiyo ni Patrick Thomson wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akifanya kazi pamoja na Rob Hope, mtaalamu wa mambo ya maji wa chuo hicho hicho. Wazo lao lilitokana na jambo ambalo sisi sote tuliliona kwa macho lakini hatukulitia maanani: simu ya mkono ilifika vijijini kabla ya mfereji wa maji. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama wa Mwingi aliweza kupokea pesa kutoka Mombasa kwa dakika moja, na huku akitembea saa mbili kutafuta maji. Ikiwa mnara wa simu unafika, wakajiuliza, kwa nini bomba lisipige simu lenyewe?

Hapa nitasimama kidogo nieleze kidude chenyewe, kwa maana uzuri wake uko katika uchache wa vitu vyake. Msomaji mwenye simu ya kisasa ameona kwamba akiigeuza simu ubavu, picha nayo hugeuka. Simu imejuaje? Ndani yake mna kipande kidogo cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachohisi mwinamo na mtikisiko. Vipande hivyo hutengenezwa kwa mamilioni, na kwa hiyo bei yake imeshuka sana. Thomson alichukua kipande cha namna hiyo akakitia ndani ya mpini wa bomba. Mpini ukishuka, kinajua umeshuka kwa pembe kiasi gani, ukipanda, kinajua. Pembeni yake akaweka kompyuta ndogo kabisa, ya chipu moja, inayokula umeme kidogo mno, kazi yake ni kuhesabu. Na pembeni ya hiyo akaweka mtambo wa simu wa kawaida na bateri. Vitu vyote hivyo vikafichwa ndani ya mpini wenyewe, visionekane wala kushawishi mkono wa mtu.

Kwa kuwa urefu wa mvuto wa bomba unajulikana, na maji yatokayo kwa mvuto kamili yanaweza kupimwa, hesabu ya mivuto inageuka kuwa hesabu ya maji. Mtoto akivuta nusu nusu, pembe ni ndogo na hesabu inapungua. Mwanamke mwenye nguvu akivuta mpaka chini, hesabu inapanda. Kompyuta ile huweka hesabu ya kila saa, kisha huituma kwa ujumbe mfupi wa maandishi, ule ule tunaotumiana siku ya Idi. Huko ujumbe unakopokewa, hesabu za mabomba yote hukusanywa na kuonyeshwa moja moja: hili lilivutwa tangu alfajiri, hili lilivutwa mpaka saa nne, hili limenyamaza tangu juzi.

Wataalamu wa lugha walipata kuipa kompyuta majina, wengine ngamizi, wengine tarakilishi. La kwanza lilinitia hofu tangu utotoni, maana lasikika kama lataka kuangamiza watu. La pili limejengwa kwa tarakimu na akili, na nikikifikiria kidude cha Kyuso, kisichokuwa na kioo wala herufi za kubonyeza, kinachokaa gizani ndani ya chuma kuhesabu mikono ya kina mama, naona jina hilo limepata mwenyewe.

Kilijaribiwa kwanza Zambia, kisha kikaletwa Kyuso, na mabomba zaidi ya 60 yakatiwa. Lakini ujumbe peke yake hautengenezi bomba. Waliwekwa mafundi, vijana wa huko huko, wakapewa pikipiki na vipuri, na katika mwaka ule wa majaribio matengenezo yakafanywa bila malipo. Bomba likinyamaza, fundi hujulishwa, hupanda pikipiki, hufika. Kabla ya hapo, bomba likiharibika Kyuso, watu walingoja siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Katika mwaka wa 2013 wastani ukashuka ukawa chini ya siku 3.

Siku 27 ni karibu mwezi wa Ramadhani mzima. Mwenye kuchukua maji kichwani aelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Wako watakaosema: kumbe ni Mwingereza, tena? Mimi nasema Mwingereza alitia akili katika mpini. Mpini ulikuwa umekwisha tengenezwa kwa jasho la Kwale. Na baada ya ujumbe kufika, ni fundi Mkamba aliyepita korongo kwa pikipiki na mabomba ya plastiki mgongoni. Uvumbuzi una mama wengi. Hata kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, inayotunza mabomba Kitui na Kwale, ilijiita FundiFix, jina ambalo nusu yake ni letu. Nusu ya pili ni ya kwao, wala hatugombani.

Hata hivyo kidude hakikuwa na ilimu ya ghaibu. Bomba likinyamaza siku mbili, huenda limeharibika. Huenda pia kuna msiba kijijini na watu wamekwenda kuzika. Au mvua imenyesha. Jambo hili la mvua ndilo lililozaa maarifa ambayo hayakutazamiwa. Vidude hivyo vilipoletwa Kwale na kutiwa katika mamia ya mabomba, Thomson na wenzake walizichukua hesabu za mabomba 266, wakazilinganisha na vipimo vya mvua vya kila siku na majibu ya nyumba zaidi ya 2,500. Walipata kwamba mvua ikija, maji yanayotekwa kwenye mabomba hupungua kwa asilimia 34. Tafiti hiyo ilichapishwa mwaka 2019.

Mwanzo nilipoisoma niliona si ajabu. Mvua ikinyesha nani atavuta bomba? Kisha nikafikiri tena. Watu hawaachi kunywa maji wakati wa mvua. Wanateka kwingine: vidimbwi, mashimo, mito iliyojaa, mahali pa karibu na pasipolipiwa. Na sote tunajua maradhi ya tumbo hupanda lini huku pwani. Basi bomba la sadaka, lililo zima kabisa, lililo na maji safi, hupitwa katika siku ambazo maji machafu yako mlangoni. Hapana kamati ambayo ingeweza kuyasema haya kwa takwimu. Iliyasema mipini.

Na kuna la tatu, nalo ndilo lililonistaajabisha kuliko yote. Kile kipande cha silikoni hakihisi mwinamo tu, chahisi pia mtikisiko. Mpini wa bomba hutikisika kwa namna tofauti kulingana na kilicho chini: fimbo iliyolegea, mpira uliolika, na hata kina cha maji. Fundi mzee hujua kwa mkono, huvuta mara tatu akasema, "Hapa mpira umekwisha." Katika Oxford, wataalamu Farah Colchester na David Clifton walichukua mitikisiko hiyo wakaifundishia kompyuta. Clifton kazi yake ya asili ni ya hospitalini, kuifundisha mitambo kusoma mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa ili ijue hali inabadilika kabla daktari hajaona. Mbinu ile ile ikapelekwa kwenye bomba. Ikaonekana kwamba kutokana na mtikisiko wa mpini waweza kukadiria maji yako kina gani ardhini, bila kuchimba kisima cha kupimia. Kila mwanamke avutaye maji asubuhi anakuwa, pasi na yeye kujua, mpimaji wa hazina ya maji ya nchi yake.

Niliposoma habari hiyo mawazo yangu yalikwenda Gede. Aliyepata kuzuru magofu yale ameona visima vyake, kile cha karibu na msikiti mkubwa hasa, kilivyo kirefu. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliona dalili kwamba kisima kiliongezwa kina, na kushuka kwa maji ni miongoni mwa sababu zinazotajwa kwa nini mji ule uliokuwa na misikiti na majumba ya mawe uliachwa na watu wake. Mwaka hadi mwaka kamba iliongezwa shubiri, kisha dhiraa. Naamini aliyeteka alihisi mkononi. Hapana aliyeandika.

Sasa nirudi Makueni, kwa kuwa wakati mabomba ya Kyuso yanafundishwa kuhesabu, jambo kubwa la kompyuta lilikuwa likizinduliwa kwenye ncha ya pili ya Ukambani. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alikwenda Malili, Makueni, kuzindua ujenzi wa mji wa Konza katika ekari 5,000, mji uliokusudiwa kuwa makao ya kompyuta na uvumbuzi. Mwaka ule ule mmoja. Konza leo ina kituo cha taifa cha kuhifadhi data, nami sikidharau, maana nchi isiyokuwa na ghala lake yaweka nafaka kwa jirani. Lakini nikiambiwa nichague ni habari ipi ya mwaka 2013 imemgusa zaidi mtu wa Ukambani aliye mbali na lami, sitafikiri mara mbili. Ghala ni zuri. Kwanza pawe na kitu cha kutia ghalani, na kitu hicho kiwe na faida kwa aliyekilima.

Hapa pana swali ambalo wenye kusifu mitambo hulikwepa. Hesabu za maji ya Kyuso ni za nani? Ujumbe hutoka kwenye mpini wa mama wa Kitui, ukasomwa na wataalamu wa ng'ambo, ukawa makala yenye majina yao. Sisemi wamefanya vibaya. Wamechapisha, na yeyote aweza kusoma, kama ajua Kiingereza na ana subira. Makueni ilionyesha njia nyingine. Katika utawala wa Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, msomi ambaye pia ni mwandishi wa tamthilia, kaunti iliweka mikataba yake ya ujenzi wazi kwenye intaneti, hata mwanakijiji aweze kujua kisima chake au barabara yake imepewa nani na kwa shilingi ngapi. Mambo haya mawili hayajakutana bado kama nipendavyo mimi: siku ambayo hesabu ya bomba itabandikwa kwenye ubao wa msikiti au duka la kijiji, kwa Kiswahili au Kikamba, ili waliovuta ndio wawe wa kwanza kuisoma.

Swali la mwisho ni la pesa. Mwaka wa bure ulipokwisha, hapana budi watu walipe. FundiFix ilipanga vijiji vitoe mchango mdogo kila mwezi, nayo ikaahidi bomba likiharibika litatengenezwa katika siku 3. Watu walioona kazi walikuwa tayari kulipa zaidi ya walivyokuwa kabla. Lakini mchango wa kijiji masikini haujazi gharama ya fundi, pikipiki na vipuri, na ikabidi uundwe mfuko wa amana wa matengenezo, utiwe pesa na wahisani na makampuni, ujazie pengo.

Mfuko wa amana wa kutengeneza maji! Tulipoambiwa jambo hilo kwa Kiingereza lilionekana geni, nasi wazee wetu waliliishi. Mtu akijenga msikiti hakuishia kwenye kuta. Alitenga minazi, au nyumba ya kupanga, iwe wakfu, mapato yake yanunue mafuta ya taa, mikeka, kamba na ndoo ya kisima. Kamba hukatika. Waliijua tabia ya kamba, wakaitengea mnazi wake. Sisi tumekuja tukajenga visima kwa shangwe, tukabandika majina, tukapiga picha za kupeleka Ghuba, na mnazi wa kamba hatukuupanda. Sadaka hiyo twaiita jaria, yenye kuendelea kutiririka, na bomba limenyamaza tangu maulidi ya mwaka usiojulikana.

Katika kijiji cha Ami tulipata fundi, na kilichoharibika kilikuwa mpira mmoja wa ndani, mwembamba, unaoingia kiganjani. Aliufunga kabla ya adhuhuri. Kina mama walisimama kando na ndoo, hawakusema kitu mpaka maji yalipotoka, kisha mmoja akaja akayatoa vijiwe mdomoni mwa bomba kimoja kimoja akavitupa mbali, huku akiwatazama watoto.

Jioni ile nilimpigia Ami nikamweleza hayo, nikamwongezea habari za Kyuso: mpini, chipu, ujumbe, siku 27 na siku 3. Nilidhani atauliza bei ya kidude. Aliuliza fundi alipwa kiasi gani kwa mwezi, na kama pesa hizo zaweza kutumwa moja kwa moja kwa simu kutoka Maskati.